Jiwe Linaloogopa Mwanga

Kiwandani, 3 Machi

Mdogo wangu Changarawe,

Hatujambo, ila tuna hofu. Naanza na hilo kwa sababu ningelificha ungelinusa tu. Mama mzima, tanuri la pili limepata ufa lakini linachoma, matofali yanatoka. Sasa weka barua chini, fungua hicho kikopo nilichokifunga kwa gundi, kisha urudi usome.

Umefungua? Umeona hiyo rangi? Basi tulipokitoa ardhini kitu hicho kilikuwa cheupe.

Jumatatu tulianza kuchimba lile shimo lililofukiwa nyuma ya tanuri la tatu. Udongo mzuri wa juu umekwisha, sina pengine pa kwenda. Tulipofika kimo cha watu wawili tukakuta tope zito la kijivu linalonuka kama yai bovu. Kidevu, yule mchimbaji wangu mkuu unayemjua kwa ndevu na kelele, alitoa bonge, akalipasua kwa beleshi. Ndani kulikuwa na vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga kama chupa. Akaniita, "Dada bosi, njoo, tumeula!" Nikamwambia aache ndoto achimbe. Akaliacha bonge juu ya ukuta, juani. Tuliporudi kutoka kunywa chai, vipande vyote vilikuwa vimeingia buluu, ile ya mtu aliyepigwa jana.

Kuna aliyesema ni jini. Mwingine akasema shimo halifukiwi bure, aliyelifukia alikuwa na sababu. Wote saba wakaweka mabeleshi chini. Nilicheka kile kicheko changu cha kibosi, lakini bonge sikuligusa kwa mkono mtupu, sikufichi.

Nikampelekea Mama. Hakuuliza ni nini. Aliuliza, "Mmekitoa wapi?" Nilipomwambia, akainuka akaenda kuosha vikombe alivyokwisha kuviosha. Siku tatu sasa hataki nitaje shimo mbele yake.

Ningekupigia simu, ila simu ya kiwanda iko mezani kwa Mama, na masikio yake unayajua. Wewe ndiye uliyesomea mawe. Niambie hiki ni nini, nikawaambie watu warudi kazini.

Dada yako

*

Ghala la Mawe, Chuoni, 11 Machi

Dada, shikamoo.

Nimecheka mpaka mkuu wangu wa ghala akatoka ofisini kuuliza kama nimepata wazimu. Wewe, uliyemfukuza mbwa mwenye kichaa kwa tofali bichi, unaliogopa jiwe ambalo nimelikwaruza kwa ukucha! Ndiyo, kwa ukucha. Ukucha mzima, jiwe lina mchirizi. Kipande chembamba ukikibana kwa vidole kinapinda kidogo kabla ya kukatika. Jini gani huyo?

Hayo ni madini ya chuma na fosfeti, yenye maji ndani yake. Yanahitaji mambo matatu tu ili yazaliwe. La kwanza ni chuma, na hicho unacho tele, ndicho kinachoyafanya matofali yako yawe mekundu yakichomwa. Maji yaliyotuama hukiyeyusha polepole. La pili ni fosfeti, ambayo nitaisema baadaye. La tatu, hewa isifike kabisa. Ile harufu ya yai bovu ndiyo inayokwambia kwamba huko chini hewa haijagusa tope kwa miaka. Hapo, gizani, bila haraka, fuwele zinaota zikiwa hazina rangi. Ukizitoa nje, mwanga na hewa vinaanza kukigeuza chuma kilichomo, kama kutu inayoanzia ndani. Jiwe linaingia ukijani, kisha buluu, na baada ya muda mrefu linakaribia weusi. Haliwi jeupe tena hata ulizike upya.

Tunalo moja hapa, kwenye droo ya chini kabisa, limefungwa kitambaa cheusi. Mkuu akitaka kulionyesha hulipa dirisha mgongo kwanza. Wanafunzi wanamtania kwamba ana bibi harusi mle ndani.

Sasa fosfeti. Hiyo imo kwenye mifupa, meno, samadi. Kwa hiyo huko shimoni kuna kitu kilichowahi kuwa hai. Dau langu ni ng'ombe wa jirani aliyezama, maskini, na mwenyewe akamtafuta mpaka akachoka. Waambie kina Kidevu wamchimbe ng'ombe wao kwa amani.

Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Nimeifungua tena. Umesema nyuma ya tanuri la tatu. Si ndilo lile la Baba? Nilidhani lile lilijazwa mawe.

Changarawe wenu

*

Kiwandani, 17 Machi

Changarawe,

Ndilo. Ni shimo la mwisho alilochimba Baba kabla ya kuondoka.

Nilikuwa shule ya bweni, nina miaka kumi na minne, na wewe ulikuwa na sita. Niliporudi likizo shimo limefukiwa na Baba hayupo. Mama alisema ameondoka na mwanamke, kachukua begi lake na beleshi lake begani, asitajwe tena. Hatukumtaja. Miaka kumi na tisa nimemlaani Baba kila nikiwasha tanuri, maana kazi hii ilikuwa yake na maumivu haya ya mgongo yalikuwa yake.

Sasa nisikilize, na usisome barua hii mbele za watu.

Waliporudi kazini baada ya maneno yako ya ng'ombe, Kidevu alitoa mfupa. Mrefu kiasi, mwembamba, umefunikwa zile fuwele. Akaanza mzaha, akaulaza juu ya mkono wake kutoka kiwiko hadi kifundo, ili awachekeshe wenzake. Ukalingana. Nilimwona kicheko kikimtoka usoni. Hakuutupa, aliulaza chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akafuta tena na tena.

Hatua moja kutoka hapo kulikuwa na beleshi. Mpini umeoza, lakini bapa lipo, na kona ya kushoto imekatika. Unaikumbuka kona ile? Baba aliivunja kwa kulazimisha mwamba, akakataa kununua jipya, akasema beleshi kibogoyo linakula vizuri zaidi. Kuzunguka bapa hilo ndiko fuwele zimejaa kuliko mahali pote.

Mama alisema kaondoka nalo begani.

Nimefunika pale kwa magunia yenye maji. Wachimbaji nimewapa mapumziko. Kidevu nimemwomba afunge mdomo, akaniambia, "Dada bosi, mimi sijaona kitu," na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema kwa sauti ya chini. Mama ameweka kigoda ukingoni mwa shimo. Anakaa hapo tangu asubuhi mpaka jua linapozama, amelipa shimo mgongo, anatazama njia. Nikimkaribia ananiuliza kama nimekula.

Naogopa mama yangu mwenyewe. Nimeliandika, sasa naliona. Nifanye nini?

Dada yako

*

Ghala la Mawe, 24 Machi

Dada,

Usiguse kitu. Usiruhusu mtu ashuke. Loanisha magunia kila siku.

Yale magogo yaliyozuia ukuta wa shimo, yameonekana? Yamesimama au yameanguka? Upande gani? Tazama chini ya magogo, kisha uniandikie ulichokiona, hata kama unakiona hakina maana.

Mkuu ameona kipande chako mezani kwangu, akauliza kimetoka wapi. Nikasema kiwandani kwetu. Akauliza kama kuna mfupa. Dada, sijui kudanganya, unanijua. Anasema mfupa wa mtu haufukuliwi wala haufukiwi bila serikali kujua, na kwamba tusipotoa taarifa sisi atatoa yeye. Ametupa mpaka mwisho wa Aprili. Si mtu mbaya, ana huruma, lakini amenyooka kama rula.

Muulize Mama. Muulize kwa upole, mkiwa wawili. Mimi usiku silali na mchana naangusha vitu. Juzi nimevunja sampuli mbili.

Changarawe

*

Kiwandani, 2 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya kama sisi tulivyo. Nina habari njema. Mambo yote yamekwisha! Ni ng'ombe, kama ulivyosema mwenyewe. Mama amekumbuka kwamba mwaka ule ng'ombe wa jirani alianguka shimoni, na ndiyo sababu Baba alilifukia kabla ya kuondoka. Beleshi nalo si la Baba, nililifananisha tu. Mabeleshi mangapi duniani yamekatika kona!

Nakutumia jino la ng'ombe huyo, lina jiwe lako la buluu juu yake, umwonyeshe mkuu wako atulie. Shimo tunalifukia wiki hii. Hakuna haja ya wewe kuja. Nauli ni ghali na una kazi. Magogo sikuyaona, yalishaoza.

Mama anakusalimu sana. Amesema nikwambie anakupenda, na kwamba hukuwahi kumkosea mtu tangu uzaliwe.

Kula vizuri.

Dada yako

*

Ghala la Mawe, 10 Aprili

Dada,

Hujawahi kuniita "mdogo wangu mpendwa". Nilipoona maneno hayo tu, nikajua unanificha kitu.

Jino ni la ng'ombe, kweli. Jiwe nalo ni jiwe kweli. Lakini halikuotea hapo. Nimeliweka chini ya lenzi. Fuwele zikikua juu ya mfupa huanzia kwenye nyufa, zinasimama pamoja, majani yake marefu. Zako ni unga. Umezitwanga, ukazibandika kwa uji wa udongo, ule tunaozibia tofali bichi likipasuka, kisha ukasawazisha kwa kidole gumba. Alama ya kidole ipo, Dada. Nimekua nikiiona alama hiyo kwenye maelfu ya matofali. Hukuweza kuacha kipande kina nundu, hata katika uongo.

Hivyo siyo ng'ombe. Ni Baba. Na wewe, usiyejua kuogopa mtu, unamficha mtu. Yupo mmoja tu ambaye ungetwanga jiwe kwa ajili yake.

Mama alimfanya nini?

Nimejaribu kuandika sentensi hiyo kwa njia tano na hakuna iliyo laini. Alisema ameondoka na beleshi, na beleshi lipo chini. Alisema kuna mwanamke, na hakuna aliyewahi kumwona mwanamke huyo, hata kwa jina. Na huyu ni Mama yule yule aliyenifunga kamba za viatu. Nikifumba macho namwona amekaa kwenye kile kigoda na nafsi yangu inarudi nyuma. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni yeye.

Mkuu hatasubiri zaidi ya mwisho wa mwezi. Usiponiambia ukweli nitatangulia mimi polisi, niseme ninayoyajua. Afadhali aulizwe huku mtoto wake amesimama pembeni kuliko kuvamiwa.

Niambie, Dada. Siwezi kukaa na hofu hii peke yangu.

Changarawe

*

Nyumbani, 16 Aprili

Mwanangu,

Naandika mwenyewe. Darasa la nne langu linatosha kwa haya.

Dada yako hajui kama nakuandikia. Barua yako nimeisoma, aliisahau kwenye mfuko wa aproni. Usimgombeze. Umeuliza swali la haki na mimi ni mtu mzima, najibu.

Ni mimi. Baba yako na mimi tuligombana. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko, wafanyakazi hawapo. Alishuka shimoni peke yake kukagua ukuta kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Alipokuwa ndani nilivuta vile viatu vinne vya mti vya chini ya magogo, upande wa kushukia. Magogo yakateleza kwenye tope, ukuta ukaja wote. Maji yakajaa. Nikafukia. Nikatupa begi lake mtoni. Habari za mwanamke nilizitunga mimi.

Sasa umejua. Mimi nimeshazeeka, popote watakaponiweka nitakaa. Nitakwenda polisi mwenyewe tarehe ishirini na nane, nimalize kwanza kuwaandalia ya nyumbani. Wewe usije. Usije kabisa, mwanangu, wala usilitazame shimo hilo, halina kitu chako. Kaa na mawe yako. Oa. Kazi hiyo uliitamani tangu ulipokuwa unajaza changarawe mifukoni, na mimi nilikuwa nazitoa kabla ya kufua, nazipanga dirishani ili usilie.

Unichukie kama unaweza, itakuwa rahisi kwako. Baba yako usimchukie tena. Alikuwa mtu mwema.

Mama yako

*

Kiwandani, 19 Aprili

Changarawe,

Kidevu amenipa habari kwamba alimwona Mama posta. Mama na posta wapi na wapi? Hajaenda huko tangu miguu ianze kumsumbua. Aliporudi nikamkuta anakunja nguo zake mbili katika begi dogo, anasema anasafiri tarehe ishirini na nane. Nimemficha kitambulisho ndani ya tanuri la pili lililopoa. Amekitafuta nyumba nzima na hajanilaumu.

Sijui amekuandikia nini, lakini nahisi. Usiamini. Mama hakumuua mtu. Nakuapia kwa maziwa tuliyonyonya. Siku ile alichimba kwa mikono mpaka kucha mbili zikang'oka, na zile kucha zilizopinda, ambazo tumekuwa tukimtania nazo, ndizo hizo. Alipofikia tope maji yakawa kiunoni na hakusikia sauti tena.

Alikuwa na sababu ya kutoita watu. Ameniambia. Nilipoisikia nilikaa chini pale pale jikoni, na kesho yake nikaanza kutwanga jiwe. Zaidi ya hapo usiniulize. Nikikuambia nitakuumiza, nisipokuambia Mama anakwenda jela. Nazunguka tanuri kama mwendawazimu. Sijawahi kuogopa kitu kama ninavyoiogopa barua yako inayofuata.

Mwombe mkuu wako atuongeze siku. Tafadhali.

Dada

*

Ghala la Mawe, 24 Aprili

Mama, shikamoo. Dada, shikamoo. Naomba msome pamoja, na Mama asisimame kwenda kuosha vikombe.

Mama, umeandika viatu vinne.

Magogo yalikuwa sita. Chini ya kila gogo Baba aliweka kipande cha duara cha mti, kinene kama mkate, ili gogo lisizame kwenye tope. Aliviita viatu. Viwili vilikuwa na ufa, havikufaa. Vilivyofaa ni vinne. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyevichagua.

Nilikuwa natengeneza gari. Nilikuwa na ubao na misumari, nilikosa magurudumu. Mvua ilikuwa imelegeza magogo, hivyo nilivigonga kwa jiwe kutoka pembeni vikatoka kirahisi, kimoja baada ya kingine, asubuhi na mapema kabla Baba hajaamka. Nikalivuta gari langu uani mpaka nikachoka. Nilipoamka usingizi wa mchana gari halikuwepo, na Baba hakuwepo, na Mama ulikuwa na matambara mikononi, unaniambia Baba ameondoka.

Kwa hiyo ulihesabu magurudumu, Mama. Ulitoka shimoni ukanikuta nalivuta, ukahesabu. Ukajua kwamba ukipiga kelele watu watashuka, wataona magogo hayana viatu, kisha watageuka wanione na gari langu. Ukachagua mtaa mzima umcheke mwanamke aliyeachwa. Miaka kumi na tisa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilithubutu kukuandikia vile.

Sasa niwaambie jambo ambalo nyote wawili hamlijui. Nilipouliza habari za magogo sikuwa natafuta kosa la Mama, nilikuwa natafuta langu; Dada aliposema yalishaoza, ikawa rahisi kumshuku Mama kuliko kujishuku mimi. Viatu sikuwahi kuvisahau. Baba alikuwa amenionya wiki ile ile. Alinishika sikio, anacheka, akasema, "Changarawe, ukigusa viatu vya magogo yangu, nahama nyumba hii, hamnioni tena." Nikavigusa. Na hatukumwona tena. Mlipokuwa mnasema kuna mwanamke mimi nilijua hakuna mwanamke, ni mimi. Niliamini amekasirika, amechukua gari langu, ameondoka nalo. Kila nilipofanya kosa shuleni, hata hapa kazini, nimekuwa nikiogopa kwamba na huyu ataondoka. Ndiyo sababu sijaoa, Mama, kwa kuwa umeniambia nioe.

Niliposoma barua yako nililia ghalani, chini kabisa karibu na ile droo, mpaka mkuu akaja kukaa sakafuni na suruali yake safi. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mtoto wa miaka sita hashtakiwi na nchi yoyote, na akasema atasafiri nami. Kwamba Mama alifukia bila kusema, hilo litaulizwa, nami sijui litaishaje. Nasikia hofu mpaka kwenye meno. Lakini tutaingia pamoja, na atakayesema ni mimi, kwa sababu ni yangu kusema. Dada, toa kitambulisho cha Mama tanurini kabla Kidevu hajawasha moto.

Nimemuua baba yangu. Nimeiandika na bado niko hai. Nitabeba hilo. Lakini Mama, Dada, lipo na la pili, na tangu juzi ndilo linalonishikilia nisianguke. Hakuondoka. Hakukasirika. Alishuka kukagua ukuta ili wachimbaji wasiumie, na tangu siku hiyo amekuwa nyuma ya tanuri la tatu, hatua arobaini kutoka mlangoni kwetu.

Tunafika tarehe ishirini na saba mchana. Nina ombi moja. Ule mkono uliokwisha kutoka umeshaingia buluu, hauwezi kurudi. Aliyebaki chini, maana sijui niseme sehemu au niseme yeye, bado hajaguswa na mwanga. Dada, ongeza magunia. Weka tope la shimo lile lile juu yake, limwagie maji, litie kivuli cha turubai, na Mama aweke kigoda chake pale, safari hii amtazame.

Nataka nimkute bado mweupe.

Changarawe